Kabla hujauza kiwanja kumsomesha mwanao utabibu, piga hesabu kwanza



Ndugu msomaji, safu hii imezoea kukueleza habari za kunawa mikono, maji ya kunywa, choo safi na maradhi yanayoingia majumbani mwetu. Leo tuzungumze jambo jingine linalogusa afya ya nyumba yako, nalo ni pesa unayotaka kuitoa ili mwanao awe tabibu, muuguzi, mtaalamu wa maabara au mtaalamu wa dawa.

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, wazazi hunifuata baada ya swala, wengine hunifuata kazini, na swali lao ni moja: "Daktari, kijana kapata alama hizi. Tumpeleke chuo cha afya? Kinalipa?"

Siwajibu ndiyo wala siwajibu hapana, kwa sababu jibu linategemea hesabu ambayo wengi wetu hatuipigi. Mzazi anatazama ada iliyoandikwa kwenye tangazo la chuo, anatazama kiwanja au minazi aliyonayo, anauza. Miaka mitatu baadaye cheti kipo, kiwanja hakipo, na ajira bado haijapatikana. Wapo ambao ada iliwakatikia mwaka wa pili na kijana akarudi nyumbani. Huyu ndiye mwenye hasara kubwa kuliko wote, kwani pesa imeshaondoka na hana cha kumuonyesha mwajiri.

Sisemi haya kukukatisha tamaa. Mimi mwenyewe ni tabibu wa stashahada, mkate wangu unatoka humo, na ningependa kuona vijana wengi wa Kiislamu, wa kike na wa kiume, wakiingia kazi hii. Ninachosema ni kwamba kutawakali huja baada ya kumfunga ngamia. Tumfunge ngamia kwanza.

ALAMA ZINAZOHESABIWA NA ZISIZOHESABIWA

Tuanze na mlango wenyewe. Kozi za stashahada ya afya katika vyuo vya kati Tanzania Bara husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, ambalo kwa kifupi huitwa NACTVET (zamani NACTE). Kozi ya utabibu na ile ya uuguzi na ukunga huchukua miaka 3 kwa mwanafunzi anayetoka kidato cha nne. Ili aingie utabibu anatakiwa awe na ufaulu usiopungua D katika masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Ufaulu wa Hisabati na Kiingereza humuongezea nguvu anaposhindania nafasi.

Hapo pana maneno mawili yanayowaangusha watoto wetu wengi: "yasiyo ya dini". Kijana aliyepata B ya Elimu ya Dini ya Kiislamu, D tatu za sayansi na F kwingine kote atadhani ana masomo manne. Hana. Ana matatu. Sheria hiyo ni hiyo hiyo kwa mtoto wa Kikristo mwenye ufaulu wa Maarifa ya Biblia. Somo la dini lisomwe, na lisomwe vizuri, kwa sababu yake lenyewe. Lakini usilihesabu unapojaza fomu ya chuo cha afya. Hesabu mengine manne.

Jambo la pili linaanza mapema zaidi. Wanafunzi wengi huziacha Fizikia na Kemia wanapoingia kidato cha tatu, mara nyingi kwa sababu shule haina mwalimu au maabara. Siku ile mtoto anapoliacha somo, mlango wa utabibu unafungwa, na nyumbani hakuna aliyeusikia ukifungwa. Kama unaye mtoto kidato cha pili na anasema anataka kuwa nesi, muulize wiki hii anakusudia kuchukua masomo gani mwakani. Pesa ya masomo ya ziada ya Kemia wakati huo ni ndogo sana ukilinganisha na utakayohangaika nayo baadaye.

Na kama matokeo yameshatoka na somo moja limepungua, mtoto anaweza kurudia mtihani wa taifa kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwaka mmoja wa kurudia unauma, lakini una nafuu kuliko kumpeleka chuo kinachokuambia "mlete tu, alama si tatizo". Chuo kinachosema hivyo kinataka ada yako. Alama zitakuwa tatizo siku ya kuhakikiwa vyeti. Tukumbuke mwaka 2017, uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma ulipoondoa watu 9,932 kazini, wengine wakiwa wameshatumikia miaka mingi.

ADA NI SEHEMU TU YA GHARAMA

Sasa tuje kwenye pesa. Nitakupa mfano wa chuo binafsi. Namba hizi ni za mfano tu, nawe weka za chuo chako, lakini mistari usiifute hata mmoja.

Ada ya mwaka tuseme ni shilingi 1,500,000. Kwa miaka 3 ni 4,500,000.

Malazi na chakula tuseme 150,000 kwa mwezi, miezi 10 kwa mwaka. Hiyo ni 1,500,000 kwa mwaka, na kwa miaka 3 ni 4,500,000. Tazama, tumbo na kitanda vimeshalingana na ada.

Michango mingine: usajili, ada ya mitihani, bima ya afya, kitambulisho, sare, koti jeupe, viatu vya wodini, stethoskopu, kipima presha, vitabu na nakala. Tuseme 400,000 kwa mwaka. Kwa miaka 3 ni 1,200,000.

Nauli za likizo na za mafunzo kwa vitendo, maana mwanafunzi hupelekwa hospitali ambayo huenda iko mbali na chuo, naye hujitafutia pa kulala. Tuseme 200,000 kwa mwaka, yaani 600,000.

Jumla hadi anamaliza ni 10,800,000.

Bado. Akimaliza ataomba usajili na leseni, na atangoje kazi. Tuseme angoje miaka 2 na wewe umtumie 50,000 kila mwezi ya nauli na chakula anapojitolea hospitali. Hiyo ni 1,200,000 nyingine. Jumla kuu ni shilingi 12,000,000.

Msomaji, tangazo lilikuambia milioni 1 na nusu. Ukizidisha kwa tatu unapata milioni 4 na nusu. Gharama halisi katika mfano wetu ni milioni 12, na ada haikufika hata nusu yake. Ndiyo maana watu hukwama mwaka wa pili. Si kwamba walikuwa hawana pesa kabisa. Walikuwa na pesa ya ada.

Vyuo vya serikali, kama vile vya utabibu vilivyoko Mtwara, Lindi, Kigoma na Kibaha, kwa kawaida ada yake iko chini ya vingi vya binafsi, kwa hiyo mtoto mwenye alama nzuri aombe huko kwanza. Kwa ndugu zetu wa Zanzibar, kilichokuwa chuo cha afya cha Mbweni kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, mwaka 2016. Lakini hata serikalini mistari mingine ya hesabu inabaki vile vile. Mtoto lazima ale.

PESA ITOKE WAPI

Kuna njia za kulipa zinazojenga na kuna zinazobomoa.

Njia inayojenga ni kulipa kwa mafungu yanayofuata kipato chenu. Familia ya korosho hupata pesa minada inapoanza, kuanzia Oktoba na kuendelea. Familia ya uvuvi au mwani ina miezi yake ya neema na miezi yake ya ukame. Nenda chuoni kabla ya kulipa chochote, uliza kama ada inaweza kugawanywa kwa mafungu manne, na yaandikwe tarehe zake kwenye karatasi. Chuo kikikataa kabisa, bora ujue Agosti kuliko kujua Machi wakati mtoto amezuiwa kuingia chumba cha mtihani.

Njia nyingine ni mkopo wa serikali. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/24, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, ilianza kukopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, na afya imo. Waislamu wengi hukwepa mikopo hii kwa kuogopa riba, na hofu hiyo si ya kubezwa. Kilichozungumzwa zaidi ni tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyoitwa ya kulinda thamani ya mkopo. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021. Mimi ni tabibu, si mufti, kwa hiyo sikupi fatwa. Nakushauri uchukue masharti ya mkataba wa mwaka huo, uyasome mstari kwa mstari pamoja na sheikh unayemuamini, ndipo muamue. Usikatae kwa habari ya zamani, wala usisaini kwa habari ya mtaani. Na mtoto ajue mapema kwamba mwajiriwa mwenye deni hilo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi mpaka amalize.

Njia inayobomoa ni ile mikopo ya haraka ya mitaani inayoitwa "kausha damu". Hapo haihitajiki fatwa ndefu. Riba yake iko wazi, na marejesho yake huanza wiki ile ile wakati mwanao ana miaka mitatu ya kukaa darasani. Huwezi kulipa deni la wiki kwa mshahara wa baada ya miaka mitano.

Ama kuuza kiwanja au shamba, si haramu wala si ujinga. Lakini kama shamba ndilo linalolisha wadogo zake wanne, basi umelipia elimu ya mmoja kwa chakula cha wanne. Kaeni kikao cha familia. Wajomba, shangazi na kaka walioko kazini waambiwe jumla halisi, si ada peke yake, na kila mmoja aseme atabeba mstari upi. Mmoja abebe chakula, mwingine nauli, mwingine sare na vifaa. Mzigo uliogawanywa hivi ndio unaofika mwaka wa tatu.

KINALIPA AU HAKILIPI?

Sasa upande wa pili wa mizani.

Mwenye stashahada ya afya ana milango kadhaa. Wa kwanza ni ajira ya serikali, wenye mshahara wa uhakika, bima na mafao ya uzeeni. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa 2007 hadi 2017, ule wa MMAM, ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Majengo mengi yamejengwa tangu hapo, na majengo yanahitaji watu. Lakini nafasi hutangazwa kwa awamu, na kila awamu waombaji ni wengi kuliko nafasi. Mtu anaweza kuomba mara tatu au nne kabla jina lake halijatoka. Tena akipata, huenda akapangiwa zahanati ya kijijini ambako gari hupita mara moja kwa siku. Asiyekuwa tayari kwenda huko apunguze matarajio yake.

Mlango wa pili ni zahanati, hospitali na maabara za binafsi au za taasisi za dini. Huko kazi hupatikana upesi zaidi, lakini mshahara mara nyingi ni mdogo na mkataba ni mfupi.

Mlango wa tatu ni miradi ya wafadhili. Kwa miaka mingi miradi ya UKIMWI na kifua kikuu iliajiri matabibu na wauguzi wengi kwa malipo mazuri. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake, wengi walirudishwa nyumbani bila kutarajia. Kazi ya mradi ichukuliwe ikipatikana, ila mtu asijenge maisha yote juu yake.

Mlango wa nne ni kujiajiri kwa mujibu wa sheria, kwa mfano kwenye duka la dawa muhimu. Mpango wa maduka hayo ulianza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, kisha ukaenea mikoa mingine. Mlango huu unahitaji mtaji na vibali, kwa hiyo haufunguki siku ya mahafali.

Turudi kwenye mfano wetu wa milioni 12. Tuseme kijana amepata zahanati ya binafsi na baada ya kula na kulipa pango anabakiwa na 100,000 kwa mwezi. Milioni 12 itarudi baada ya miezi 120, yaani miaka 10. Tuseme amepata serikalini na anabakiwa na 200,000. Itarudi baada ya miezi 60, miaka 5. Sikusudii kwamba mtoto amlipe mzazi kama dukani. Nataka uone kwamba stashahada hii inalipa polepole. Inamlipa mwenye subira aliyemaliza bila deni la riba. Kwa aliyeanza na deni la "kausha damu", haitalipa kamwe.

Kisha iko faida isiyoandikwa kwenye hati ya mshahara. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Zipo sababu nyingi za kupungua huko, lakini mojawapo ni mikono ya wakunga na matabibu wa ngazi hii ninayoizungumzia, usiku wa manane, katika vituo ambavyo daktari bingwa hafiki. Qur'an katika Suratul Maidah aya ya 32 imeeleza uzito wa kuokoa nafsi moja. Na ukoo wenye muuguzi mmoja unajua dalili za hatari za mjamzito, unajua mtoto anayehara apewe nini njiani, na haununui dawa ovyo. Mwanao atafanya pia kazi ya safu hii kwa ndugu zake, bila kuchapishwa gazetini.

GHARAMA YA MWILI

Kwa kuwa huu ni ukurasa wa afya, lazima niseme hili ambalo tangazo la chuo haliandiki. Mwanafunzi wa afya hugusa damu na sindano tangu wodini kwenye mafunzo kwa vitendo. Homa ya ini aina ya B huambukizwa kwa damu, nayo ina chanjo. Chanjo ya mtu mzima hutolewa mara tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, na ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Watoto wengi waliozaliwa baada ya chanjo hiyo kuingia katika ratiba ya wachanga mwanzoni mwa miaka ya 2000 walichanjwa. Kwa hiyo tafuta kadi ya kliniki ya mwanao. Kama haipo, aonane na mhudumu wa afya kabla ya kuingia wodini, apimwe na achanjwe ikihitajika. Ongeza mstari huo kwenye hesabu yetu.

Mfundishe pia jambo hili: akichomwa na sindano iliyotumika, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, asikamue, na atoe taarifa saa hiyo hiyo. Dawa za kujikinga na virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, na zisizidi saa 72. Wanafunzi wengi huficha kwa aibu au kwa kumuogopa mkufunzi. Aibu hiyo ni hatari kuliko sindano yenyewe.

KUHUSU BINTI ZETU

Baadhi ya wazazi huniambia kazi hii haina stara kwa mtoto wa kike. Nami huwauliza: mkeo akienda kujifungua, unataka apokelewe na nani? Kila mmoja hujibu kwamba angependa mwanamke. Huyo mwanamke ni binti wa nani? Hawezi kuwa wa jirani siku zote. Zama za Mtume (s.a.w.) alikuwepo Rufaida al-Aslamiya, mwanamke wa Kiansari, aliyewahudumia majeruhi hemani. Kazi hii si ngeni kwetu.

Yapo mambo ya kupanga, na yapangwe mapema. Hosteli ya wasichana iko wapi, ndani ya chuo au mtaani? Sare ya chuo inaruhusu hijabu na suruali pana? Kwenye zamu ya usiku, pana mahali pa kuswali? Haya huulizwa siku ya kwenda kukitazama chuo, si baada ya kulipa. Na akichumbiwa kabla ya kumaliza, suala la kuendelea na masomo lizungumzwe na walii wake wazi wazi kabla ya nikaha, na mume ajue kuwa zamu za usiku na kupangiwa mbali ni sehemu ya kazi. Nimewaona mabinti wenye stashahada nzuri ambao vyeti vyao viko kabatini kwa sababu jambo hili halikusemwa mapema. Hapo shilingi milioni 12 zimelala, na wagonjwa wanangoja.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Kwanza, chuo kimesajiliwa NACTVET, na je, kozi ile unayoitaka nayo imo? Chuo kinaweza kuwa na usajili kwa kozi ya famasia lakini si ya utabibu. Usitosheke na cheti kilichotundikwa ukutani. Tazama kwenye mwongozo wa udahili wa baraza wa mwaka huo.

Pili, mafunzo kwa vitendo yanafanyika hospitali gani? Chuo kisichoweza kukutajia hospitali hakina wodi ya kumfundishia mwanao.

Tatu, wanafunzi wangapi walianza mwaka wa kwanza miaka mitatu iliyopita, na wangapi wamemaliza? Muulize mkuu wa chuo, kisha waulize wanafunzi wenyewe nje ya geti. Majibu yakitofautiana, waamini wa nje ya geti.

Nne, leseni hutolewa na nani? Matabibu wako chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Wauguzi wako chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na hufanya mtihani wa leseni baada ya chuo. Wa dawa wako chini ya Baraza la Famasi, na maabara ina baraza lake. Cheti bila leseni hakimruhusu mtu kumgusa mgonjwa.

Tano, ngazi inaendelea wapi? Zamani tabibu aliweza kusoma tena na kuwa daktari msaidizi, yaani AMO. Mafunzo hayo yalishasitishwa. Siku hizi anayetaka kupanda huenda chuo kikuu, na ili aingie udaktari anahitaji wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0 kwenye stashahada yake, pamoja na ufaulu wa masomo ya sayansi, Hisabati na Kiingereza kidato cha nne. Udaktari ni miaka 5 mingine na mwaka 1 wa mazoezi hospitalini. Kwa hiyo anayepita stashahada kwa kusukuma siku anajifungia ngazi mwenyewe.

Sita, je, mtoto mwenyewe anataka? Mpeleke akakae siku mbili tatu kwenye zahanati ya jirani, kwa ruhusa ya mganga mfawidhi, afagie, apange mafaili, aone usaha na asikie vilio. Akirudi na hamu ile ile, huyo ni wa kugharimiwa. Akirudi amekunja uso, umeokoa milioni 12 kwa nauli ya daladala. Tena zipo kozi nyingine ndani ya afya ambazo wengi hawazitazami: maabara, famasia, tiba ya viungo, afya ya kinywa, afya ya mazingira. Wote wakikimbilia utabibu, msururu wa kungoja ajira unazidi kurefuka hapo hapo.

Ndugu msomaji, chukua karatasi usiku huu, chora mistari ile, weka namba zako. Jumla ikitoka na familia ikaweza kuibeba mpaka mwaka wa tatu na miaka miwili ya kungoja, mtie mtoto chuoni kwa Bismillah. Ikizidi uwezo, usikate tamaa wala usikope kwa riba. Ahirisha mwaka mmoja, mtoto aongeze alama aombe chuo cha serikali, nanyi mkusanye. Mwaka mmoja wa kujiandaa si hasara. Hasara ni ada ya mwaka wa kwanza iliyolipwa bila kujua ya wa pili itatoka wapi.

Tunamuomba Allah awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, na awape wagonjwa wetu shifaa.

Wabillahi tawfiiq.